Sasa huyu anakunywa wapi?

Mwaka juzi mwezi wa nane nilirudi Tabora kumuuguza mama baada ya opresheni ya nyonga, nikaaga kazini kwamba nakaa miezi mitatu, nikakaa mwaka na zaidi, na kitu kilichotuweka barazani mimi na mama jioni baada ya jioni ni chura. Kila nikimwonyesha mtu picha zake ananiambia toa hiyo kitu huko, alaf nikianza kuelezea anasogeza kiti, anauliza hili anauliza lile, mwisho ananiambia si uandike tu. Haya naandika.

Nyumba ya mama iko nje kidogo ya mji, ukishika njia ya kwenda Sikonge. Nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma, bati juu, baraza refu mbele, rangi nyeupe ambayo imebanduka vipande vipande na mama tangu namjua anasema akipata hela kidogo atamwita fundi. Nyuma kuna lambo dogo alilochimba marehemu baba kwa ajili ya bustani, mvua zikija linajaa mpaka mchicha unazama, kufika mwezi wa saba limebaki tope lililopasukapasuka. Pembeni ya lambo kuna mwembe mzee umeinama, nusu ya matawi yake yananing'inia pale juu ya maji. Huo mwembe mtauona tena mbele.

Wiki yangu ya kwanza nilikuwa naondoa utando wa buibui upenuni, nikaona kama donge la chokaa limeganda kwenye kona, pale ukuta unapokutana na boriti. Nikalisukuma na fagio, halikutoka. Nikapanda stuli kuangalia, nikakuta lina macho. Chura. Na sio kachura, ni chura wa urefu wa kidole changu cha kati, amekunja mikono na miguu yote chini ya tumbo, amejibana ukutani, mweupe kabisa kama ukuta wenyewe. Nilijua amekufa zamani akakauka, maana wa Tabora mnaelewa mwezi wa nane mpaka wa kumi kunakuwaje, vumbi jekundu, jua, upepo mkavu unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika, lambo kavu, umande hakuna. Nikamgusa kidogo na kucha. Akafungua jicho taratibu, akaniangalia, akafunga.

Nikamwita mama. Mama alifundisha shule ya msingi miaka 34 kwa hiyo hawezi kuangalia kitu juu juu, alisimama na gongo lake akainua shingo akatulia muda mrefu, akasema huyo namjua, yuko hapo toka mwezi wa sita, na mwaka jana pia alikuwepo, kama sio yeye basi ndugu yake. Alaf akauliza swali ambalo ndo limeniletea haya yote.

"Sasa huyu anakunywa wapi?"

Ili uelewe uzito wa hilo swali inabidi umjue mama na maji. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajatufikia huku, mji mzima ulikuwa unaliangalia bwawa la Igombe, na kiangazi kikikaza bomba linatoa upepo tu, unaamka saa tisa usiku kukinga matone. Mama alitulea kwa kuhesabu ndoo. Maji ya kuoshea mchele yanaenda kwenye vyombo, ya vyombo yanaenda kwenye mchicha, ya kufulia yanaenda chooni, na ukimwaga kikombe bila sababu unaitwa ueleze. Hata leo bomba lipo na tenki lipo, bado ndoo zimepangwa mstari jikoni zimefunikwa. Sasa mtu wa namna hiyo umwonyeshe chura, kiumbe ambacho sote tunajua makazi yake ni majini, kimekaa ukutani chini ya bati la moto miezi mitatu hakishuki, lazima akose raha.

Akaanza kuweka maji kwenye kisahani. Kwanza akakiweka chini ya ukuta, nikamwambia mama atashukaje huko, nikapanda stuli nikakiegesha juu ya boriti karibu kabisa na pua yake. Siku nne. Hakugusa. Siku ya tano nikakitoa na maji yake yote yaliyobaki, tukamwagia mpilipili.

Hapo ndo nikaanza kusoma usiku, mama akilala mi niko na simu. Jina lake la kitaalamu ni Chiromantis xerampelina, alipewa na Mjerumani mmoja Wilhelm Peters mwaka 1854, huyo Peters alizunguka Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya wanyama na mimea. Hilo neno la pili gumu gumu maana yake ni rangi ya majani makavu ya mzabibu, watu wa Dodoma mnaweza kuiona rangi hiyo kichwani haraka kuliko mimi. Ni chura wa mtini, jike anaweza kufika karibu sentimita 9, dume mdogo kidogo, na ndugu wa ukoo wake wengi wako Asia, humo humo kwenye ukoo kuna wale vyura wa Borneo wenye ngozi pana katikati ya vidole ambao wanaruka kutoka juu ya mti wanaelea hewani. Wa kwetu haelei. Ila vidole vyake ni vya ajabu, viwili vinaangalia huku viwili vinaangalia kule, kwa hiyo anashika kijiti kama wewe unavyoshika mpini wa jembe, anakizungusha mkono mzima.

Kuhusu kunywa, kumbe chura hanywi kwa mdomo, sio huyu tu, vyura kwa ujumla. Wanapitisha maji kwenye ngozi, hasa pale tumboni na katikati ya mapaja, anakaa kwenye maji au kwenye tope bichi na mwili unafyonza. Nilipomsomea mama hii asubuhi aliweka kikombe cha chai chini akasema kwa hiyo tulikuwa tunampa sahani mtu ambaye anakunywa kwa kukaa. Basi ikamtesa zaidi, maana kama hajakaa kwenye maji toka mwezi wa sita inakuwaje.

Inakuwaje ndo hadithi yenyewe. Ile ngozi inayoingiza maji kwa chura wa kawaida ndo hiyo hiyo inayotoa maji, mweke juani kwenye upepo wa Tabora mwezi wa tisa hachukui muda anakuwa gome. Huyu ngozi yake karibu haitoi maji, anapoteza kidogo sana, yuko karibu na mjusi kuliko alivyo karibu na vyura wenzake. Anageuka mweupe ili jua limgonge lirudi, anakunja viungo vyote chini ya mwili ili sehemu inayoguswa na upepo iwe ndogo, anatulia, hahangaiki. Na joto likizidi kweli, joto la mwili wake likikaribia nyuzi 40, anaanza kutoa jasho kujipoza, yaani yale maji aliyoyabana miezi yote anayatumia pale tu ambapo bila hivyo atakufa. Jioni tukiwasha taa ya baraza wadudu wanakuja, akipita nondo karibu anamdaka, na mdudu ana maji yake ndani, kwa hiyo tone moja moja linaingia kwa njia hiyo.

Lakini kilichomfanya mama akae kimya ni mkojo. Yeye mwenyewe ndo alianza, nilikuwa nafagia akaniambia subiri, angalia hapo chini yake, mavi yake yana weupe kama ya mjusi. Nikaangalia kweli, kuna kitu cheupe kimekauka kama chokaa. Sikujua kama lina maana mpaka usiku nikakuta mtafiti anaitwa J. P. Loveridge, alikuwa anafanya kazi nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, mwaka 1970 alichapisha kwamba huyu chura hakojoi kama vyura. Iko hivi. Mwili ukishasaga nyama, mayai, wadudu, kunabaki taka zenye sumu ambazo lazima zitoke. Sisi binadamu na vyura walio wengi tunazitoa kama yurea, na yurea inataka maji mengi ya kuiyeyusha ndo utoke mkojo. Ndege na mijusi na nyoka wanazigeuza kuwa asidi ya yuriki, uji mzito mweupe unaotoka na maji kidogo sana, ndo ule weupe wa kinyesi cha kuku. Na huyu chura anafanya hivyo hivyo! Chura! Mama alinyamaza, akavua miwani akaifuta na kanga, akasema mi nimefundisha watoto kwamba amfibia wanaishi hivi na reptilia wanaishi hivi miaka yote hiyo, na huyu yuko kwenye kona ya nyumba yangu anafanya yake.

Kuanzia hapo fagio lilikuwa halifiki kwenye ile kona.

Sasa jirani yetu, Baba Kulwa, mtu mzuri sana ambaye hakuna siku alipita bila kumjulia hali mama, mwangaluka mwalimu, mguu unasemaje, siku moja akainua macho akamwona. Akasema mwalimu, huyo sio chura wa kawaida, chura wa kawaida hakai juu ya ukuta kiangazi, huyo katumwa, leta chumvi nimtoe. Na mi sitaki kumcheka mtu kwenye hili kwa sababu ukiangalia anachosema, nusu yake ni kweli tupu, chura wa kawaida kweli hakai pale, ameona kitu kisicho cha kawaida na akatafuta sababu. Chumvi kwa chura ni mateso, inamvuta maji yote kupitia ngozi, anakufa kifo kibaya. Mama akamwambia Baba Kulwa kaa. Akamwelezea habari ya mkojo mwanzo mpaka mwisho kama yuko ubaoni, na Baba Kulwa ni mfugaji wa kuku kwa hiyo ile ya kinyesi cheupe aliielewa upesi kuliko mimi. Aliondoka bila kuomba chumvi tena. Ila kesho yake akamtuma Kulwa aje aangalie na akamwambia asimshike ataota chunjua, na hapo tulimrekebisha pia, chunjua inaletwa na virusi inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, chura hahusiki. Kumshika ovyo hapana hata hivyo, mikono yetu ina sabuni na mafuta na chumvi ya jasho, na ngozi yake ndo mdomo wake.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku katikati ya mwezi wa kumi na moja, ile mvua ya bati ambayo hamuwezi kusikilizana. Asubuhi kona ilikuwa tupu. Mama alikaa anaiangalia, hakusema kitu, akaniambia tu angalia na huko nje chini usije ukamkanyaga.

Wiki tatu hivi lambo likaanza kushika maji na usiku kukawa na kelele, vyura wa kila aina, wengine wanagonga kama mtu anagonga chupa, wengine wanakoroma. Yeye sauti yake ni ndogo, ukiwa hujui husikii, kama viatu vipya vinavyolia mtu akitembea taratibu, na inatoka juu mtini, haitoki majini. Nilimfuata kwa masikio na tochi mpaka nikamwona kwenye mwembe, na kama nisingeona vile vidole ningesema sio yeye, maana usiku anakuwa wa kijivu na kahawia ana mabaka kama gome la mti. Walikuwa wengi. Nikahesabu kumi na moja kwenye matawi mawili nikaacha.

Siku ya pili nikambeba mama. Sio kumbeba mgongoni, niliweka kiti cha plastiki kwanza, nikarudi nikamshika mkono, gongo upande ule, mwavuli, kanga mbili, viatu vya mvua vya baba, tukaenda hatua moja moja kwenye utelezi, ndugu zangu wakisoma hapa watanigombeza lakini alitaka mwenyewe na nilishakagua njia mchana. Tulikaa pale toka saa tatu usiku.

Kwenye lile tawi linaloinamia maji jike lilikuwa limekaa na dume mgongoni, na madume wengine wakaja, wakajibana pembeni yake huku na huku mpaka ikawa rundo. Jike anatoa majimaji alaf anaanza kuyapiga na miguu ya nyuma, anapiga, anapiga, kama mtu anayepiga ute wa mayai kwa uma wakati wa kutengeneza keki, na wale madume nao miguu inakwenda, na mbele ya macho yetu yale majimaji yanaumuka yanakuwa povu jeupe, linakua, linaning'inia kwenye majani ya mwembe, na mayai yanaingia humo humo ndani na madume wote wanarutubisha humo humo. Nilikuwa nimesoma lakini kusoma ni kitu kingine jamani. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu hajui kama ameushika.

Kuhusu hao madume wengi, watafiti wawili Phillip Byrne na Martin Whiting walifanya kazi Afrika Kusini, na mwaka 2011 walionyesha kwamba mayai yaliyorutubishwa na madume wengi yanatoa watoto wanaonusurika zaidi kuliko ya dume mmoja. Jike mmoja anaweza kuwa na madume kumi na zaidi kwenye povu moja. Mama aliposikia hiyo alisema basi ni harambee, tukaendelea kuangalia.

Kama saa nzima ikapita, povu limefika ukubwa wa ngumi, jike akasimama. Akatoka kwenye rundo, dume bado kakaa mgongoni, akaanza kushuka, tawi kwa tawi, taratibu, akafika chini akaingia kwenye maji pembeni kabisa pale penye kina kifupi. Akakaa. Hakuogelea wala hakwenda popote, alikaa tu tumbo liko kwenye maji, mikono imetulia, dakika zikapita. Nilikuwa nimesahau kabisa hii sehemu, nilikuwa nimeisoma usiku mmoja nikiwa na usingizi, kwamba kupiga povu kunamkausha, yale maji ya povu yanatoka mwilini mwake yeye, kwa hiyo katikati ya kazi anashuka kujaza alaf anapanda kumalizia. Nikafungua mdomo nimweleze mama. Mama akaniwahi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto:

"Ndo huyo. Anakunywa."

Miezi mitano kavu ukutani, na tone la kwanza alilojaza vizuri anapanda nalo juu ya mti kwenda kuwajengea watoto. Sikuweza kupiga picha, tochi ilikuwa inatikisika.

Alipanda, akaendelea, usiku wa manane tukamwacha. Usiku uliofuata nilienda peke yangu nikamkuta jike yuko juu ya lile lile povu anaongezea povu jingine juu yake, siwezi kuapa kuwa ni yule yule lakini kwa watafiti nimesoma kwamba ndivyo wanavyofanya. Asubuhi linakuwa limeshika ganda kwa nje kama mkate, ndani bado ni bichi na laini, jua la mchana linapiga ganda mayai hayajui. Kwenye povu moja yanaweza kuwa mayai mia tano, mpaka elfu moja na kitu.

Kwa nini ajisumbue kutaga juu? Ungekaa na sisi pale lambo ungejua. Kule chini kuna mende wa maji, kuna kunguni wa maji wale wanaong'ata, mvua zikiwa kubwa mbuga zinafurika kambale wanaingia mpaka kwenye majaruba ya mpunga, yai laini likikaa majini siku tano ni chakula cha kila mtu. Juu wanakwepa hao wote. Ila hata juu sio salama kabisa, pwani ya Kenya watafiti Drewes na Altig mwaka 1996 waliandika habari za chura mwingine mdogo, Afrixalus fornasini, ambaye anapanda mpaka kwenye povu anaingiza kichwa anakula mayai ya mwenzie.

Na huku kwetu kuna watoto na maembe. Povu letu la kwanza lilikuwa na siku nne, mama alikuwa anahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, watoto wa jirani wakaja shikamoo bibi shikamoo anti tunaomba embe, mama akasema chumeni, hakukumbuka. Nilikuwa jikoni, nikasikia fito inapiga matawi nikatoka mbio. Tawi lilishavunjika, povu liko kwenye majani chini, nusu mita tu kutoka kwenye maji, limepasuka upande mmoja. Watoto wakasimama kama wameiba. Nikawaambia hamjui, njooni muone, tukachuchumaa wote, na pale lilipopasuka unaona kabisa ndani, vitu vidogo vina mkia vinacheza kwenye ute. Kulwa akasema anti vinapumua.

Nikakata kamba ya manila, tukalifunga lile tawi kwenye tawi jingine la juu, likaning'inia pale pale lilipokuwa zamani, juu ya maji. Sehemu iliyopasuka tuliifunika na jani bichi la mgomba. Watoto wakaweka zamu wenyewe, sikuwatuma, wakawa wanakuja kabla ya shule na baada ya shule, na maembe wakawa wanachuma upande ule wa barabara.

Siku ya sita, alfajiri, mvua ya manyunyu imepita, mama alikuwa macho akaniamsha akasema nasikia kitu. Toka chumbani kwake hausikii lambo, najua hakusikia, ila alikuwa amehesabu. Tukaenda, kiti, gongo, kanga. Povu jingine, lile ambalo halikuguswa, lilikuwa limelainika chini, linachuruzika, na kwenye maji kimya kabisa unasikia tp, tp tp, tp. Viluwiluwi vinadondoka. Kimoja kinaning'inia kidogo kwenye uzi wa ute, kinajipinda, kinaachia. Na lile lililopasuka nalo lilidondosha, wachache kuliko jingine, lakini walidondoka, na Kulwa alikuwepo, alikuja na sweta la shule kavaa kinyume.

Ukisema chura Tanzania watu wanakumbuka wa Kihansi, na ni haki, yule ni mdogo kama kucha, alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya yale maporomoko tu duniani kote, bwawa la umeme lilipopunguza manyunyu akapotea porini, wakabaki waliopelekwa Marekani mwaka 2000, wakaanza kurudishwa porini kule Kihansi 2012. Huyu wa mama hayuko kwenye hatari hiyo, yupo toka Kenya mpaka Afrika Kusini mpaka Angola, wanaohesabu wanyama wanasema hali yake ni nzuri, na mi nafurahi. Ila anataka vitu viwili kwa pamoja, maji ya msimu na mti unaoinamia hayo maji, na huku kwetu nimezunguka na bodaboda Uyui na Sikonge nimeona malambo mengi mapya yamechimbwa vizuri na pembeni hakuna hata kijiti, miti imeenda kwenye mkaa na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Ukichimba lambo acha mti mmoja upande mmoja. Kama haupo panda, mwembe unakua. Na ukiona povu jeupe linaning'inia juu ya dimbwi usilipige na fimbo, na usiruhusu mtu akuambie ni uchawi, kaa hapo siku tano.

Mama sasa anatembea na gongo moja tu na wakati mwingine analisahau. Mwaka jana mwezi wa saba hela ya rangi ilipatikana, ndugu zangu wawili tulichanga, fundi akaja na ndoo zake na ngazi, kijana mstaarabu, akapiga skimu, akapiga rangi ya kwanza, baraza likaanza kung'aa. Mama alikaa kwenye kiti chake anamsimamia. Alipofika kwenye ile kona akamwambia hapo acha. Fundi akasema mama hapa ndo pabaya zaidi, pamebanduka. Mama akasema hapo pana mtu, acha, zungusha. Kijana akapanda ngazi akaangalia muda mrefu, akashuka, akachukua brashi ndogo akazungusha.

Kwa hiyo ukija nyumbani kwa mama baraza lote ni jeupe jipya, na kule juu kwenye kona kuna kipande cha ukubwa wa sinia kina chokaa ya zamani. Amenipigia jana usiku. Yupo, amekuja toka wiki iliyopita.